Kubildi moja moja au kwa pamoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yameregea mara nyingi mpaka nikaona afadhali yakae pahali pamoja. Wengi wanaouliza ni vijana wa hapa Malindi na Watamu, wengine wako Amu, wanatengeneza apu za simu na tovuti, na mashine zao ni zile laptopu za mtumba za RAM ya gigabaiti nne au nane. Kila jibu linajisimamia, kwa hivyo ruka mpaka lile linalokuhusu, na pale ambapo jambo limeshaelezwa kwengine nimekuelekeza huko. Mfano ntakaotumia sana ni mmoja: tovuti ya nyumba za wageni yenye lugha tatu, Kiswahili, Kiingereza na Kiitaliano, manake Malindi hii tovuti ya wageni isiyo na Kiitaliano haijakamilika.

## Misingi

Kubildi moja moja na kubildi kwa pamoja, tofauti yake ni nini?

Bildi sio kitu kimoja, ni rundo la kazi ndogo ndogo: kukompaili faili hili (yaani kuigeuza kodi iwe lugha ya mashine), kupunguza picha zile, kutengeneza CSS, kupiga testi, mwisho kufunga kila kitu kiwe furushi moja. Moja moja ni kwamba kompyuta inashika kazi ya kwanza, inaimaliza kabisa, ndo inashika ya pili. Kwa pamoja ni kwamba kazi kadhaa zinaanzishwa wakati mmoja na kila moja inapewa kori yake, yaani ile sehemu ya prosesa inayoweza kufanya kazi peke yake bila kuwangoja wenzake.

Sasa kinachoamua zipi ziende pamoja sio haraka yako wewe, ni utegemezi. Nenda Matondoni, kule Amu, uwaangalie mafundi wa majahazi: anayeshona tanga hamngoji anayechonga mbao, wanaenda sambamba siku nzima na hakuna anayemzuia mwenziwe, lakini wa kutia kalafati lazima angoje mbao zipigiliwe, hata umuongezee wasaidizi kumi hana la kufanya. Kwenye tovuti yetu kurasa za Kiswahili hazitegemei za Kiitaliano, hizo ziende pamoja. Lakini zote tatu zinasoma faili la kamusi ya tafsiri, kwa hivyo kamusi lazima iwe tayari kabla ya yoyote.

Laptopu yangu ina kori nne. Si bildi itaisha mara nne haraka?

Hapana, na hili linawavunja watu moyo bure. Tuseme bildi yako inachukua dakika 10, na ndani yake dakika 2 ni za kufunga furushi la mwisho, kazi ambayo haigawanyiki. Zile 8 zilizobaki ukizigawa kwa kori nne zinakuwa 2, ukijumlisha na zile 2 za mwisho ni dakika 4. Umetoka 10 hadi 4, yaani mara mbili na nusu tu. Na hata ukinunua mashine ya kori mia, zile dakika 2 ziko palepale, hutavuka mara tano. Hii hesabu alieleza Gene Amdahl mwaka 1967 na mpaka leo ndo inaitwa sheria ya Amdahl.

Kwa hivyo ukitaka kasi zaidi usikimbilie kuongeza idadi ya kazi, kwanza tafuta ile kazi moja ndefu ambayo kila mtu anaingoja. Ukiipunguza hiyo kwa nusu utafaidika kuliko kununua prosesa mpya.

Kwani chombo changu kwa kawaida kinafanya kipi, moja moja au pamoja?

Inategemea chombo, yaani ile programu inayoendesha bildi, na ndo maana mradi mmoja ukihamishwa kutoka chombo kimoja hadi chengine unaanza vituko. Make, ambayo Stuart Feldman aliianzisha Bell Labs mwaka 1976, inaenda moja moja mpaka uiambie vyengine. Maven pia moja moja. Ninja na Cargo zinaenda pamoja bila kuulizwa. Gradle iko katikati, inataka jibu lake (liko chini kwenye swali la Android). npm yenyewe haina habari, inaachia shelli, ile programu inayopokea amri unazoandika. Gulp kuanzia toleo la 4 inakulazimisha useme mwenyewe, na kwa kweli mimi naipenda hiyo, manake hakuna kubahatisha.

Nianze na ipi nikiwa mgeni?

Anza moja moja. Hakikisha bildi inakubali ukiwa umefuta matokeo yote ya zamani, alafu andika utegemezi wote, alafu ndo uwashe kwa pamoja. Ukigeuza huu mpango utakuwa unatafuta makosa mawili kwa wakati mmoja na hujui lipi ni lipi.

## Amri zenyewe

Kwenye make niandike `-j` ngapi?

`-j` ndo idadi ya kazi unazoiruhusu make ianzishe kwa pamoja. Anza na idadi ya kori, `make -j$(nproc)` kwenye Linux. Lakini hiyo ni ya mashine yenye RAM ya kutosha, na laptopu nyingi za huku kinachoisha kwanza ni RAM wala sio kori, soma swali la "Killed" kwenye sehemu ya mashine.

Tahadhari moja kubwa: usiandike `-j` tupu bila namba. Make inachukulia kwamba umeiruhusu bila kikomo, kwa hivyo kama kuna faili 300 zilizo tayari kukompailiwa itajaribu kuzianzisha zote, na hapo laptopu inaganda hata kipanya hakisongi. Kama mashine mnaitumia watu kadhaa, tia na `-l 4`, hiyo inaiambia make isianzishe kazi mpya wakati mzigo wa mashine umeshafika 4.

Kwenye package.json, lile faili la amri za npm, nimeona `&&` na wengine wanaweka `&`. Ipi ni sawa?

Zote ni sawa lakini hazifanyi kitu kimoja. `npm run kamusi && npm run kurasa` maana yake kurasa zingoje kamusi iishe salama, na kamusi ikifeli kurasa hazianzi. Ukiweka `&` moja kwenye Linux au Mac, ya kwanza inasukumwa nyuma na ya pili inaanza hapohapo.

Tatizo la `&` ni mawili. La kwanza, ile iliyosukumwa nyuma ikifeli npm haitajua, itakwambia kila kitu shwari na wewe utapeleka tovuti mbovu kwa mteja. La pili ni Windows: kule `&` kwenye cmd haimaanishi pamoja, inamaanisha maliza hii ndo ufanye ile. Kwa hivyo mtu wa Mac anaandika `watch & serve` kwake inakubali, mwenziwe wa Windows akiipiga inaganda kwenye watch milele, manake watch, kazi ya kuvizia mabadiliko ya faili, haiishi. Nimeona watu wakilaumu node, wakilaumu antivairasi, na kumbe ni herufi moja.

Dawa ni kutumia kifurushi kilichotengenezwa kwa hii kazi. `npm-run-all` ina `run-s` ya moja moja na `run-p` ya pamoja, inakubali mifumo yote, na kwenye `run-p` kazi moja ikifeli zengine zinasimamishwa. Kile cha asili kimeachwa muda mrefu bila apdeti, kwa hivyo chukua `npm-run-all2`. Kuna na `concurrently`, nzuri kwa kazi zisizoisha kama watch na serve, lakini yenyewe kwa kawaida inaacha zengine ziendelee hata moja ikifa, mpaka uiongezee `--kill-others-on-fail`.

Gulp inanichanganya, `series` na `parallel` naziweka vipi pamoja?

Unazipachika moja ndani ya nyengine:

```
exports.bildi = series(
  safisha,
  kamusi,
  parallel(kiswahili, kiingereza, kiitaliano, picha)
);
```

Hapo safisha inafuta folda ya matokeo, `dist`, alafu kamusi, alafu zile nne zinaenda pamoja. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuiweka `safisha` ndani ya `parallel`. Inafuta folda huku wengine wanaandika ndani yake, leo zinapotea picha, kesho inapotea CSS, siku ya tatu iko sawa tu. Kufuta siku zote kuwe peke yake na kuwe mwanzo.

Jengine, kila kazi lazima iseme imeisha: iregeshe stream au promise, au iite ile kolbeki. Isiposema, Gulp haijui na `series` yako inakwama hapo.

Android Studio yangu inabildi polepole. Nikiwasha parallel kwenye Gradle itasaidia?

Itasaidia kama mradi wako una moduli nyingi. Unaandika `org.gradle.parallel=true` kwenye `gradle.properties` na Gradle inaanza kubildi moduli ambazo hazitegemeani kwa wakati mmoja. Kama apu yako yote ni moduli moja inayoitwa `app`, hiyo laini peke yake haitakupa kitu cha maana, na apu nyingi ninazoletewa ziko hivo. Hapo kitakachokusaidia ni kashe ya bildi, `org.gradle.caching=true`, isiwe inarudia kazi ambayo haijabadilika.

Na kwa RAM ya gigabaiti nane, Android Studio yenyewe imeshakula, emuleta ikiwa wazi imekula, kwa hivyo weka `org.gradle.workers.max=2` na utumie simu ya kweli badala ya emuleta.

Wanaoandika kazi zao wenyewe watofautishe `dependsOn` na `mustRunAfter`. Ya kwanza inasema siwezi kuanza bila yule na lazima aitwe. Ya pili inasema tukiitwa sote wawili basi mimi niwe nyuma, lakini yule asipoitwa mimi naenda zangu. Mtu anayetaka ya kwanza akaandika ya pili atapata bildi inayokubali wakati mwengine tu.

Mimi sina chombo chochote, nina skripti ya bash. Naweza?

Unaweza vizuri kabisa, ila usikilize vizuri hapa kwa `wait`. Watu wanaandika kazi tatu na `&` alafu mwisho `wait`, wanadhani `set -e`, ile inayosimamisha skripti amri ikifeli, itawakinga. Haiwakingi. `wait` tupu inangoja wote alafu inaregesha sifuri hata kama wote watatu walifeli. Inabidi umngoje kila mmoja kwa namba yake:

```
./kurasa.sh sw & a=$!
./kurasa.sh en & b=$!
./kurasa.sh it & c=$!
mbovu=0
wait $a || mbovu=1
wait $b || mbovu=1
wait $c || mbovu=1
exit $mbovu
```

Kwa kazi nyingi zinazofanana, mfano kupunguza picha 400 za vyumba na bahari, usijisumbue na hizo namba, tumia xargs: `find picha -name '*.jpg' -print0 | xargs -0 -n 1 -P 4 ./punguza.sh`. Hiyo `-P 4` ndo inasema nne kwa pamoja, na kila moja ikiisha inaanzishwa ingine.

VS Code inaanzisha kazi zangu zote mara moja wakati nilitaka zifuatane.

Kwenye `tasks.json`, ukiorodhesha kazi kadhaa ndani ya `dependsOn` VS Code inazianzisha zote pamoja. Ongeza `"dependsOrder": "sequence"` na zitafuatana kama ulivyoziandika.

## Mashine zetu, joto letu, stima yetu

Bildi inakatika katikati na neno "Killed". Ni virasi?

Sio virasi. RAM imeisha na Linux imechagua programu moja ikaiua ili mashine isife yote. Utaona "Killed", au kwenye gcc utaona inalalamika kwamba `cc1plus` imeuliwa, au namba ya kutokea ni 137, ambayo ni 128 ukijumlisha 9, na 9 ndo ile ishara ya kuua.

Sababu ni rahisi: ukiwa na `-j4` una kompaila nne kwenye kumbukumbu, na faili moja la C++ lenye templeti nyingi linaweza kula gigabaiti nzima au zaidi peke yake. Mimi nagawanya RAM iliyo wazi (sio iliyoandikwa kwenye boksi, ile `free -h` inayosema ni "available") kwa gigabaiti mbili, jibu ndo namba ya `-j`. Gigabaiti nane huku Chrome iko wazi ni kama nne zimebaki, kwa hivyo `-j2`. Funga Chrome kwanza, utapata tatu.

Kulinki, yaani kuunganisha vipande vilivyokompailiwa viwe programu moja, ni mbaya zaidi, programu kubwa mbili zikilinkiwa pamoja zinaweza kumaliza RAM hata kama kukompaili kulienda vizuri. Kwa CMake na Ninja kuna dawa safi, unaruhusu kompaila nyingi lakini linka moja tu: `-DCMAKE_JOB_POOLS=linki=1 -DCMAKE_JOB_POOL_LINK=linki`.

Na ile hali ya laptopu kutokufa lakini kwenda polepole mno huku taa ya diski inawaka bila kukoma, hiyo ni swapu, yaani RAM imejaa na mashine inaazima nafasi kwenye diski. Hapo `-j2` itamaliza mapema kuliko `-j4`, pima uone.

Wakati wa kaskazi laptopu inawaka moto na bildi inazidi kuchelewa. Ni mawazo yangu?

Sio mawazo yako. Prosesa ikipata joto sana inajipunguzia kasi yenyewe isiungue, na miezi ya Januari mpaka Machi chumba cha Malindi saa nane mchana, feni ya laptopu inavuta hewa ambayo tayari ni ya moto. Kori zote zikifanya kazi kwa pamoja ndo joto linapanda kabisa, kwa hivyo unaweza kukuta dakika ya kwanza inaenda mbio alafu inalegea.

Jaribu `-j` iliyo chini ya idadi ya kori kwa moja au mbili, pima kwa `time`, na uangalie ile namba ya `real`, hiyo ndo muda wako wewe (ile ya `user` ni jumla ya kori zote, ni kawaida iwe kubwa kuliko `real`). Safisha vumbi kwenye feni. Watu wa Shela na mchanga ule, hii inawahusu sana. Na zile bildi kubwa zifanye usiku au baada ya alfajiri.

Stima ikipotea katikati ya bildi, naendelea pale nilipofika au naanza upya?

Make inaangalia saa ya faili tu. Kama faili la matokeo ni jipya kuliko la chanzo, inasema hili limeisha. Sasa stima ikikatika na betri yako ndo zile za dakika tano, faili linaweza kuwa limeandikwa nusu, na hilo nusu ni jipya kuliko chanzo, kwa hivyo ukiregea make inaliruka na unapata kosa la ajabu mbele ya safari. Ukisimamisha mwenyewe kwa Ctrl-C make inajitahidi kulifuta lile lililokuwa linaandikwa, lakini stima ikikatika hakuna wa kufuta. Na ukiwa kwa pamoja na kazi nne, nusu zinaweza kuwa nne.

Kinga yake ni kuandika kwenye faili la muda kwanza kisha kulibadilisha jina: `./tengeneza > kamusi.json.tmp && mv kamusi.json.tmp kamusi.json`. Jina la kweli linapatikana tu kazi ikiwa imeisha. Hii inakukinga na stima, na pia inakukinga na kazi ya jirani kusoma faili ambalo halijakamilika. Weka na `.DELETE_ON_ERROR:` juu ya Makefile (lile faili la maagizo ya make), ili amri ikifeli matokeo yake yafutwe. Kama umeregea na huna uhakika, futa folda ya matokeo uanze upya, usibishane nayo.

Bando langu linaisha kila nikibildi. Kwa pamoja ndo inakula zaidi?

Bando haliliwi na kwa pamoja, linaliwa na kupakua vitu ndani ya bildi. Tenganisha kupakua na kubildi ziwe kazi mbili. Ukiwa pahali pa waifai nzuri piga `npm ci`, au `cargo fetch`, au `mvn dependency:go-offline`, alafu nyumbani bildi bila intaneti, kwa mfano `gradle --offline` au `mvn -o`. Faida ya pili ni kwamba intaneti ikikatika hutapata bildi iliyofeli nusunusu.

## Inapoharibika

Bila `-j` inakubali kila siku, nikiweka `-j4` inafeli. Si basi kwa pamoja ni mbovu?

Hili ndo swali lenyewe, na ningependa kila mtu alisome hata kama hana haraka. Kwa pamoja haikuharibu bildi yako. Kulikuwa na utegemezi ambao hukuuandika, na moja moja ilikuwa inakufichia.

Angalia hii:

```
tovuti: kamusi sw en it
```

Make ikienda moja moja inashika vilivyo upande wa kulia kwa mpango ulivyoviandika, kushoto kwenda kulia, kwa hivyo kamusi inatangulia na kila kitu kinakubali. Lakini wewe hukuiambia kwamba `sw` inahitaji kamusi. Umesema tu kwamba `tovuti` inahitaji vyote vinne. Ukiweka `-j4` make inavianzisha vyote vinne kwa pamoja, nayo haijakosea, imefanya ulichoandika. `sw` inatafuta kamusi, haipo, inafeli. Ukirudia mara ya pili inakubali manake kamusi iliyotengenezwa mara ya kwanza ipo tayari, na hapo ndo mtu anasema "hii kitu ina majini". Haina majini. Andika hivi:

```
tovuti: sw en it
sw en it: kamusi
```

Sasa iko sawa kwa `-j1`, kwa `-j4`, kwa `-j40`.

Kosa lake pacha ni la folda. Kazi ya kwanza inatengeneza `dist` na zengine zinaandika ndani bila kusema zinaihitaji. Hapa tumia utegemezi wa mpango tu, `sw: kamusi | dist`, ile fito `|` inamaanisha folda iwepo kwanza lakini ikibadilika saa yake isinilazimishe kubildi upya, manake saa ya folda inabadilika kila faili likiongezwa ndani.

Jinsi ya kuyatafuta haya kabla hayajakutafuta: GNU Make 4.4 ya mwaka 2022 ina `--shuffle`, inachanganya mpango makusudi. Piga `make --shuffle` mara kadhaa kuanzia folda safi na utegemezi uliosahaulika utaanza kujitokeza, na inakupa namba ya kurudia mchanganyo uleule mpaka urekebishe. Kama leo kuna sehemu moja imekushinda na mteja anangoja, `.NOTPARALLEL:` kwenye Makefile inaifanya yote iende moja moja. Ni bandeji, iandikie maelezo ya kwa nini umeiweka, ili anayekuja nyuma yako ajue kidonda kiko wapi.

Logi imechanganyika, laini ya huyu ndani ya laini ya yule. Nasomaje?

Ongeza `-O` kwenye make, ipo tangu toleo la 4.0. Inashika maneno ya kila kazi na kuyatoa yote pamoja kazi ikiisha.

Alafu ujue kwamba kosa lako haliko mwisho wa logi. Kazi moja ikifeli make inasema "Waiting for unfinished jobs" na zile zengine zinaendelea kuandika mpaka ziishe, kwa hivyo mwisho wa logi unaona mambo ya mtu mwengine kabisa. Tafuta alama ya `***`, nenda ile ya kwanza, soma laini zilizo juu yake. Msinitumie picha ya hiyo laini ya "Waiting", hiyo sio kosa.

Kazi moja ikifeli nataka zengine ziendelee. Inawezekana?

`make -k`, `ninja -k 0`, `gradle --continue`. Nzuri ukitaka kuona makosa yote kwa mkupuo, hasa ukiacha bildi usiku. Zile zinazotegemea iliyofeli hazitaanzishwa, na hivo ndo inavyofaa.

Cargo inasema inangoja kufuli la folda na haisongi.

Cargo mbili haziwezi kuandika `target` moja kwa wakati mmoja, ya pili inangoja. Mara nyingi ile ya kwanza ni edita yako inakagua kodi nyuma ya pazia. Ngoja iishe, au uipe moja folda yake kwa `CARGO_TARGET_DIR`, ila itakula diski mara mbili.

Testi zangu zinafeli zikienda pamoja lakini moja moja ziko sawa.

Ni ndugu wa lile swali la `-j4` hapo juu, ila hapa kinachogombaniwa sio faili la bildi, ni poti (namba ya mlango ambao programu inapokelea mawasiliano) au databesi. Testi mbili zote zinataka poti 3000, wa pili anakosa. Fungua poti 0, mfumo utakupa iliyo wazi, alafu uisome ni ngapi. Databesi kila testi iwe na yake, au kila mfanyakazi, yaani kila prosesi inayopiga testi, awe na jina lake la databesi. Usizipange kwa foleni kama dawa ya kudumu, testi zinazoguswa na mpango zitakudanganya siku moja.

Make ndani ya make inasema "jobserver unavailable".

Jobserver ndo sehemu ya make inayogawa nafasi za kazi. Umeandika `make` badala ya `$(MAKE)` kwenye Makefile ya nje. Ukitumia `$(MAKE)` zote mbili zinagawana ile idadi uliyoipa, hazizidi. Ukijaribu kutibu kwa kuandika `make -j4` ndani ya `-j4` ya nje unaweza kuishia na kazi kumi na sita, regea kwenye swali la "Killed" uone zitakuishia wapi.

## Seva za kubildia

Kwenye GitHub Actions ni pamoja au moja moja?

GitHub Actions ni huduma ya kubildia kwenye seva za GitHub. Ni zote mbili, na watu wanazichanganya. Jobu zinaenda pamoja, hatua ndani ya jobu zinaenda moja moja. Ukitaka jobu moja ingoje ingine andika `needs`. Lakini kila jobu ni mashine mpya tupu, kwa hivyo kamusi uliyoitengeneza kwenye jobu ya kwanza haipo kwenye ya pili mpaka uipandishe kama atifakti (faili linalohifadhiwa baada ya jobu kuisha) na kuishusha tena. Na kwa mradi wa faragha dakika zinahesabiwa kwa kila jobu na kuzungushwa juu, jobu ya sekunde 10 unahesabiwa dakika nzima. Lugha tatu kwenye jobu tatu fupi zinaweza kukugharimu kuliko jobu moja yenye `make -j`. Kwa tovuti ndogo mimi nachagua hiyo ya mwisho.

GitLab ni hivi: steji zinafuatana, jobu ndani ya steji zinaenda pamoja, na ukitaka jobu isingoje steji nzima kuna `needs` pia.

Tumepusha wawili kwa wakati mmoja na tovuti ikabaki nusu ya huyu nusu ya yule.

Kubildi kwa pamoja sawa, kupeleka hewani hapana. Kupeleka na kubadilisha databesi viwe na foleni ya mtu mmoja. GitHub Actions ina `concurrency`, unaipa jina la kundi na ikawa mmoja tu anaendelea kwa wakati. Hapo acha `cancel-in-progress` iwe imezimwa, hutaki mtu akatwe akiwa katikati ya kubadilisha databesi.

Amri yangu moja inatoa mafaili mawili, na kwa `-j` inapigwa mara mbili. Kwa nini?

Hili linaturegesha kwenye make, sio seva. Ni kwa sababu `kamusi.json menyu.json: tafsiri.csv` kwenye make sio kanuni moja yenye matokeo mawili, ni kanuni mbili zilizoandikwa kwa mkato. Moja moja, ya kwanza inatoa yote mawili na ya pili inakuta imeshafanyika. Kwa pamoja zote mbili zinaanza, zinaandikiana juu, na faili linaharibika. Kuanzia GNU Make 4.3 unaandika `&:` badala ya `:` na make inaelewa kwamba ni kazi moja.

Wenye Mac waangalie `make --version` kwanza, ile inayokuja na mashine ni 3.81 na haiijui hiyo alama, wala haina `-O` wala `--shuffle`. Ama weka mpya kwa Homebrew, itaitwa `gmake`, ama tumia kanuni ya mfano yenye `%`, kama `%kamusi.json %menyu.json: %tafsiri.csv`, ambayo hata kwenye matoleo ya zamani inapigwa mara moja kwa matokeo yote. Hiyo `%` lazima ishike angalau herufi moja, kwa hivyo mafaili yape jina linaloanza sawa, mfano `wageni-kamusi.json`, `wageni-menyu.json` na `wageni-tafsiri.csv`.